Uzi wa hariri wa vinundu na vitanzi: tuutengeneze kwa vifuko vilivyokataliwa

Mfugaji wa viwavi wa hariri huchambua vifuko vyake kama mtu anayechambua mchele. Vilivyo vizima huviweka huku, kwa sababu kila kifuko kizima ni uzi mmoja mrefu usiokatika, mita 600 hadi 1,000 na zaidi, na mashine ya kuvuta uzi inautaka hivyo hivyo. Kule hutupa vilivyotobolewa na nondo akitoka, vilivyobonyea, vyenye madoa, na vile ambavyo viwavi wawili walijifungia ndani pamoja wakavuruga nyuzi zao. Mwongozo huu ni wa lile fungu la kule.

Uzi wa mapambo ni uzi ambao haukunyooka kwa makusudi: hapa umenenepa, pale umekonda, kule umetoa kitanzi. Watu wengi wanaoanza hudhani kwamba maadamu uzi hautakiwi kuwa sawasawa, basi yeyote anaweza kuusokota ovyo na ukawa mzuri. Nami nilidhani hivyo, na donge langu la kwanza liliishia kufungia miche ya nyanya. Kipimo changu siku hizi ni ukucha. Chukua kitanzi kimoja, kivute kwa ukucha. Kikibaki mahali pake, huo ni uzi wa mapambo. Kikiteleza na kutoweka, ulichonacho ni uzi mbovu tu. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa chini inatafuta jambo hilo moja: kinundu kisihame, kitanzi kisiteleze.

Vitu vya kuwa navyo

Vifuko kwanza. Huku Uganda mforosadi hutoa majani mwaka mzima, hivyo viwavi hufugwa zamu baada ya zamu na vifuko vibovu havikosekani palipo na wafugaji. Sheema, upande wa magharibi, wapo. Ukiwa karibu na Kampala, anza kwa kuuliza Kawanda, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Mwambie mfugaji waziwazi kwamba unataka vile visivyofaa kuvutwa uzi, usije ukauziwa vizima kwa bei ya vizima.

Hesabu ni hii: ganda la kifuko kimoja, ukishalisafisha, hubakisha kama robo ya gramu ya hariri. Vifuko 400 vitakupa takriban gramu 100. Kwa kujifunza, 120 vinatosha.

Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli. Zile za kawaida za alumini huliwa na magadi, na uchafu wake hukaa kwenye hariri. Utahitaji pia mizani ndogo ya jikoni, sabuni ya mche nyeupe isiyo na manukato, magadi soda, siki, na mfuko wa kitambaa chepesi chenye matundu. Chandarua cha dawa kiache kitandani, kazi hii si yake.

Fremu ni ubao wa mraba, sentimita 25 kila upande, ulioachwa wazi katikati, wenye msumari mmoja kila pembe. Fundi seremala yeyote atakutengenezea huku umesimama. Misumari iwe isiyoshika kutu, kwa maana doa la kutu kwenye hariri halitoki.

Vijiti vya kusokotea viwe viwili. Cha kwanza chepesi, gramu 20 hadi 25, kwa uzi mwembamba. Cha pili kizito, gramu 50 hadi 60, kwa kuunganisha nyuzi. Mimi vyangu nilivitengeneza kwa fimbo nyembamba ya sentimita 30 na CD kuukuu, ambazo moja ina gramu kama 15. Juu pachike ndoano iliyokunjwa kutoka spoku ya baiskeli, uipige msasa mpaka isikwaruze. Mwenye gurudumu la kusokotea atafanya haraka zaidi, lakini kijiti hakikuzuii kitu.

Na mikono yako. Hariri hunasa kwenye kila mkwaruzo wa ngozi, na aliyetoka kulima au kufua atalia. Usiku wa kuamkia kazi sugua viganja kwa sukari na mafuta kidogo, unawe, kisha ujipake mafuta ya shea yanayotoka kaskazini. Asubuhi nawa kwa sabuni. Mikono iwe laini, isiwe na mafuta.

Kutoa gundi

Kiwavi hutoa nyuzi mbili kwa pamoja na kuzigandisha kwa gundi yake mwenyewe. Gundi hiyo ni kama robo ya uzito wa ganda. Ndiyo inayofanya kifuko kiwe kigumu kama karatasi nene, nayo lazima itoke.

Kama kifuko hakijatobolewa, bado kina buu ndani. Kata upenyo mdogo kwa wembe upande mmoja, umtikise atoke. Wape kuku. Usichemshe vifuko vyenye mabuu, harufu yake itakufanya ugombane na wapangaji wenzako.

Pima vifuko vitupu. Kwa kila gramu 100 za vifuko tia lita 4 za maji, gramu 25 za sabuni iliyokwaruzwa, na kijiko kidogo kimoja cha chai cha magadi, kisijae. Yeyusha kwanza, ndipo utie vifuko vikiwa ndani ya mfuko, na juu uweke sahani ivizamishe kwa sababu vinapenda kuelea. Moto wa sigiri uwe wa wastani. Maji yatoe mvuke na mapovu madogo pembeni, yasitokote. Kaa nayo dakika 45 hadi saa nzima, ukigeuza mfuko taratibu mara mojamoja.

Utajua imetosha ukitoa kifuko kimoja, ukikibonyeza kwenye maji ya vuguvugu kinalegea chote kama pamba iliyolowa, bila sehemu inayobaki ngumu katikati. Kikigoma, kirudishe kwa dakika 15. Usiongeze magadi kwa haraka ya kumaliza, yakizidi hariri hupoteza mng'ao na kuwa dhaifu.

Suuza mara tatu kwa maji ya vuguvugu. Kwenye maji ya mwisho tia kijiko kikubwa cha siki, kitaua ukali wa magadi yaliyobaki na kurudisha ule mlio wa hariri unapoikamua.

Hapa niseme kosa langu ili lisiwe lako. Vifuko vyangu vya pili vilikuwa na umanjano, nikaona niving'arishe kwa ile dawa ya klorini ya kufulia mashuka. Niliviloweka nikaenda dukani. Niliporudi sikukuta hariri ya kung'arisha. Klorini huiyeyusha hariri, kama inavyoyeyusha sufu na nywele. Umanjano uache, rangi itaufunika.

Kuvuta kwenye fremu

Kazi hii hufanyika ndani ya karai la maji ya vuguvugu. Chukua kifuko kimoja kilicholegea, tafuta tundu lake, ingiza vidole gumba viwili, ukifungue kama unayefungua mdomo wa soksi. Ondoa gamba la ngozi lililoachwa ndani. Kisha kipanue kidogo kidogo, ukinase kwenye pembe ya kwanza ya fremu, ya pili, ya tatu, ya nne. Kitakuwa kitambaa cha mraba, chepesi kuliko utando wa buibui. Juu yake weka kifuko cha pili, na cha tatu, mpaka 8 au 10. Ondoa lote kwa pamoja, kausha kivulini.

Rundo hilo la vitambaa nitaliita tabaka. Vifuko vilivyofungwa na viwavi wawili havitavutika vizuri, vitatoa mafungu mazito upande mmoja. Vizuri sana! Viweke kando katika tabaka zake. Ndivyo vitakavyokupa vinundu bora kuliko vyovyote utakavyotengeneza kwa mkono.

Rangi, kwa ufupi

Tia rangi kabla ya kusokota, si baada, ili vinundu viwe na rangi yake na uzi rangi yake. Loweka tabaka kwenye maji ya vuguvugu yenye shabu, gramu 10 kwa kila gramu 100 za hariri kavu, zilale humo usiku kucha. Maganda ya vitunguu yenye uzito sawa na hariri, yaliyochemshwa na kuchujwa, hutoa dhahabu hadi rangi ya kutu. Kokwa za parachichi hutoa waridi uliofifia. Manjano ya jikoni hutoa rangi inayowaka lakini jua huila upesi, mimi siitumii kwenye kitu cha kuuza. Hariri isitokote ndani ya rangi, ikae kwenye joto ambalo mkono hauvumilii lakini maji hayachemki. Ukitaka nyekundu au buluu ya uhakika, tumia rangi za unga za sufu zinazokamata kwa siki. Rangi za pamba zitakuangusha.

Uzi wa kwanza: vinundu

Anza na huu hata kama roho yako iko kwenye vitanzi.

Chambua tabaka moja mpaka upate ukurasa mmoja mwembamba, yaani kifuko kimoja. Toboa katikati kwa kidole, panua tundu mpaka liwe pete kubwa, kisha zunguka pete hiyo ukiivuta taratibu. Jambo linalowashinda wengi ni hapa: nyuzi za hariri ni ndefu mno, hivyo mikono ikikaribiana unavuta nyuzi zilezile pande zote mbili na hakuna kinachosogea. Tenga mikono sentimita 25 au 30. Utasikia nyuzi zikiachia zenyewe.

Ukifika mahali pa kuwa na kinundu, ruka sentimita 5 bila kuvuta. Vuta tena sentimita 20, ruka tena. Usipange umbali kuwa sawa, jicho la mtazamaji hugundua upesi mno kinundu kinachorudi kila baada ya hatua ileile. Kata pete mahali pamoja, sasa una utepe mrefu wa kusokota.

Sokota kwa kijiti chepesi, ukikizungusha kulia, kama mshale wa saa unavyokwenda ukikitazama kutoka juu. Msokoto hupenda kukimbilia mahali pembamba. Sehemu nyembamba itakaza kama waya wakati kinundu hakijapata kitu, na kinundu kisicho na msokoto ndicho kinachonyofoka. Kwa hiyo kila kinundu kikipita, simama, kishike ncha zake mbili, legeza kidogo ili msokoto uingie, kisha endelea. Ukiona kinundu bado kimevimba kama shavu lenye embe, kimezidi unene, kipunguze.

Uzi huu mmoja hautoshi peke yake. Uunganishe na uzi mwembamba wa hariri au wa kushonea kwa kuzungusha kijiti kizito kushoto. Huo mwembamba utapita juu ya kinundu kama mshipi na kukishika. Fanya jaribio la ukucha.

Uzi wa pili: vitanzi

Huu unataka nyuzi tatu, na kila mmoja una kazi yake. Wa kwanza ni moyo, ndio unaobeba. Wa pili ndio unaotoa vitanzi. Wa tatu ni mfungaji, unaopita juu ya wote wawili na kuwafunga wasitoroke.

Moyo uwe mwembamba na imara, umesokotwa kulia. Sokota wako mwenyewe kutoka tabaka safi, au nunua uzi wa kushonea. Pale Kiyembe, Kampala, penye nguo na mafundi cherehani, hukosi. Nyuzi nyingi za kushonea tayari zimesokotwa kulia. Uhakikishe: ukiusimamisha wima mbele ya macho, mistari yake ilale kama mstari wa katikati wa herufi Z.

Uzi wa vitanzi sokota kulia pia, lakini legelege na mnene kidogo, kwa kijiti kilichozungushwa taratibu. Ukikazwa hautoi kitanzi cha mviringo, hujipinda na kutoa mikia. Andaa mrefu mara mbili na nusu ya moyo. Nilipopima kidogo uliniishia katikati ya kazi, na kiungo cha katikati huonekana daima.

Sasa unganisha. Funga nyuzi zote mbili kwenye kijiti kizito, zungusha kushoto. Moyo uushike kwa mkono mmoja, umenyooka kabisa na kukazwa. Uzi wa vitanzi uje kutoka pembeni, karibu pembe mraba, bila kukazwa hata kidogo, ujizungushe wenyewe juu ya moyo. Kila baada ya mizunguko michache usukume kwa kidole kuelekea kwenye kijiti. Utainuka, utajikunja, na hapo una kitanzi. Kibonyeze kwa kidole gumba mpaka msokoto ukishike, uende kwenye kinachofuata. Vitanzi 3 au 4 kwa kila sentimita 5 vinatosha. Ukivijaza uzi wote huonekana kama manyoya ya kondoo na mng'ao wa hariri unapotea ndani.

Zidisha msokoto hapa, mpaka uone kama umezidi. Katika hatua inayofuata utaupunguza.

Pumzisha usiku mmoja. Kesho yake funga uzi huo pamoja na mfungaji, uzi mwembamba kabisa, na sasa zungusha kulia. Kulia, si kushoto. Hapo ndipo nilipokwama majuma mawili. Naishi Walukuba, Jinja, mtaa uliojaa watu wa viwanda kutoka kila kabila, ndiyo sababu Kiswahili hapa ni lugha ya barazani. Mzee mmoja jirani yetu alitumia miaka mingi kwenye mitambo ya kusokota pamba. Jioni moja alinikuta nimekaa mlangoni na kicha cha uzi kilichojikunja kama mkia wa nguruwe.

"Binti yangu, hebu lete nione." Akauinua kwenye mwanga. "Huu uliuzungusha wapi mara ya kwanza?"

"Kushoto, Mzee."

"Na mara ya pili?"

"Kushoto."

"Basi umeukasirisha mara mbili. Mrudishe kulia, kidogo kidogo, mpaka anyamaze."

Ndivyo ilivyo. Mfungaji akizungushwa kulia hufungua sehemu ya ule msokoto wa kushoto uliozidisha. Vitanzi vinapumua na kufunguka, wakati huohuo mfungaji anakata njia juu yao na kuwabana shingoni. Simama kila baada ya mita moja, legeza uzi uning'inie kama bembea. Ukijizungusha kulia au kushoto, bado haujatulia. Ukining'inia kimya, endelea.

Mfungaji akipita juu ya kitanzi na kukilaza, kiinue kwa ncha ya sindano kabla hujaviringisha. Ni kazi ya uvumilivu, na mita 10 zinaweza kukula alasiri nzima. Weka redio.

Mizunguko na ushanga

Ukitaka kichuguu cha mizunguko, usisukume uzi upande mmoja mara moja, uache ujirundike juu ya moyo mahali pamoja kwa sentimita 1 au 2, kisha uurudishe. Ili vipendeze, viwe vichache. Ushanga upitishe kwenye mfungaji kabla ya kuanza, ukiuachia mmoja mmoja kati ya vitanzi. Tundu lake liwe laini ndani, ushanga wa kioo wenye makali hukata hariri mwezi wa pili.

Kuutuliza uzi

Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, uufunge mahali 4 kwa mafundo mepesi yenye umbo la nane, uutoe. Loweka kwenye maji ya vuguvugu dakika 20. Usiusugue wala kuunyonga. Ukunje ndani ya taulo, ubonyeze kwa kiganja. Kisha ushike kwa mikono miwili, uukung'ute kwa nguvu mara 5 au 6 ili vitanzi viamke. Tundika kivulini bila uzito, tofauti na uzi wa kawaida ambao watu huutundikia kitu kizito unyooke. Uzito hapa utakunyooshea vitanzi vyote ulivyovihangaikia. Jua kali huifanya hariri kuwa njano.

Kuushona kwenye lubugo

Uzi huu haufai kupita kwenye tundu la sindano wala kwenye cherehani. Hulazwa juu ya kitambaa na kushikwa kwa uzi mwingine. Mimi huutumia zaidi kwenye mifuko na mito ya lubugo, kitambaa cha Baganda kinachopondwa kutoka gome la mtuba, ambacho UNESCO ilikitangaza kuwa urithi wa kibinadamu mwaka 2005. Rangi yake ya udongo na mng'ao wa hariri vinaelewana.

Chora mstari kwa chaki. Laza uzi juu yake bila kuuvuta. Kwa sindano nyembamba na uzi wa rangi ya lubugo, shika kila baada ya sentimita 1, ukipitisha mshono katikati ya vitanzi viwili na si juu ya kitanzi. Lubugo huchanika ukiirudia tundu moja, hivyo sogeza kila mshono. Kwenye kona usigeuze ghafla, zungusha kwa upana wa kidole.

Ncha mbili za uzi zipitishe nyuma kwa sindano kubwa ya gunia, ukitoboa kwanza tundu kwa msumari mwembamba. Acha sentimita 3 kila upande, uzishone nyuma kwa uzi uleule. Usizikate karibu na mshono, kitanzi cha mwisho ndicho hufunguka kwanza.